Anayebandika Lebo Anapata Nini?

Mwaka 1967 Chama cha Reli za Marekani kiliamua kuwa kila behewa la mizigo linalopita kwenye njia za wanachama wake lazima lisomeke na mashine. Mfumo uliochaguliwa uliitwa KarTrak, na mhandisi aliyeuanzisha ni David Collins. Lebo yake ilikuwa na vipande 13 vya rangi zinazorudisha mwanga, vimepangwa kimoja juu ya kingine ubavuni mwa behewa. Mashine iliyosimikwa kando ya reli iliimulika lebo treni ikiwa kwenye mwendo, ikajua behewa ni la nani na namba yake ni ipi. Kazi ya karani aliyesimama na daftari akiandika namba huku treni ikipita ingekwisha. Ndani ya miaka michache mabehewa mengi mno yalikuwa yamebandikwa. Na kabla muongo wa 1970 haujaisha mfumo ukaachwa, kwa kuwa takribani behewa moja kati ya matano lilikuwa linapita bila kusomwa ipasavyo.

Wanaosimulia habari hii husema KarTrak iliuawa na uchafu. Ni kweli kwamba lebo zilishika matope na masizi, nyingine zikagongwa na kuchubuka. Lakini matope hufutika na lebo iliyochubuka hubadilishwa. Mimi nauliza nani alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Behewa la mizigo halikai kwa mwenyewe. Huzunguka wiki nyingi kwenye njia za kampuni nyingine. Lebo ikisomeka, anayefaidika ni mwenye kituo ambako behewa linapita. Ikichafuka, anayetakiwa kuingia gharama ni mwenye behewa, ambaye yuko mbali na hana anachopoteza siku hiyo. Mpango wa namna hiyo hauwezi kudumu hata mashine iwe kali kiasi gani.

Ndiyo maana nikisoma kuhusu teknolojia za utambuzi wa kiotomatiki viwandani, siangalii kwanza skana inasoma kwa kasi gani. Naangalia kazi ya kubandika inafanywa na nani, na faida ya kusoma inaangukia wapi. Misimbopau, misimbo ya QR, vitambulishi vya mawimbi ya redio tunavyoviita RFID, kamera zinazosoma maandishi: vyote vina kazi moja, kukiunganisha kitu halisi na kumbukumbu yake kwenye mfumo bila mtu kuandika kwa mkono. Upande wa kusoma umeendelea kwa kasi ya ajabu. Upande wa kubandika umeachiwa yeyote aliye karibu, na huko ndiko miradi mingi hufia.

Tazama jinsi msimbopau wa madukani ulivyofaulu. Wazo lilikuwepo tangu mwaka 1949, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipoomba hataza ya alama iliyoweza kuchorwa kwa miduara, mmoja ndani ya mwingine. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, kamati ya wafanyabiashara wa vyakula Marekani ilipokuwa ikitafuta alama moja ya kutumiwa na wote, miduara ile ilikuwa bado mezani, ikipigiwa debe na kampuni ya RCA. Kilichoiangusha ni mashine ya kuchapa. Karatasi inapokimbia kwenye mashine, wino huvuja kidogo kuelekea upande mmoja. Duara huharibika na halisomeki tena. George Laurer wa IBM alichora mistari iliyonyooka. Mistari hiyo ikichapwa sambamba na mwendo wa karatasi, wino unaovuja huurefusha mstari bila kuunenepesha, na msimbo unasomeka kama kawaida. Mwezi Aprili 1973 kamati ikachagua muundo unaotokana na kazi yake, na tarehe 26 Juni 1974 pakiti ya chingamu ikapitishwa kwenye skana katika duka la mji wa Troy, Ohio.

Husimuliwa zaidi ile chingamu kuliko ule wino, na naona hilo ni kosa. Laurer alishinda kwa sababu alimfikiria mchapaji. Mtengenezaji wa bidhaa tayari alikuwa anachapa boksi lake; kuongeza mistari michache hakukumgharimu kitu cha maana, na hakuhitaji kubadilisha wino wala karatasi. Maduka yalichelewa miaka kadhaa kununua skana kwa kuwa zilikuwa ghali, lakini siku yalipokuwa tayari, yalikuta lebo zinayasubiri kwenye rafu.

Hapa nisimame kidogo kwenye jambo la kiufundi ambalo wengi hulielewa nusu. Msimbopau huo una tarakimu 12, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Zile 11 za kwanza huzidishwa kwa 3 na kwa 1 kwa kupokezana, matokeo yanajumlishwa, kisha tarakimu ya 12 inachaguliwa ili jumla yote igawanyike kwa 10. Tarakimu yoyote moja ikisomwa vibaya, hesabu inagoma na skana haikubali. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, mara nyingi nako hugundulika, isipokuwa pale tofauti kati yake ni 5, kama 16 kugeuka 61. Kwa namba fupi hivyo, huo ni ulinzi mzuri sana. Lakini unalinda kitu kimoja tu: kwamba namba iliyofika kwenye mfumo ndiyo iliyochapwa kwenye lebo. Kama lebo ya boliti za chuma cha kawaida imebandikwa kwenye boksi la boliti za chuma kisichoshika kutu, mashine itasoma vizuri kabisa, italia ule mlio wa kuridhisha, na taarifa itakayoingia itakuwa ya uongo.

Lebo ni madai ya mtu. Skana huyanakili madai hayo kwa uaminifu mkubwa, na uaminifu huo ndio unaotudanganya, kwa kuwa tunauona kama ni wa kitu chenyewe. Athari yake huongezeka kadiri mizigo inavyofungwa pamoja. Chupa inaingia kwenye katoni, katoni kwenye paleti, yaani jukwaa la kubebea mizigo, na paleti inabandikwa namba moja ya tarakimu 18. Huko mbele mpokeaji anaskani namba hiyo moja, na mfumo unamjulisha kwamba amepokea katoni arobaini zenye chupa kadhaa kila moja. Hakuna aliyeziona chupa. Mfumo unarudia alichosema mfungaji saa ile alipofunga. Kama katoni moja ilichanika njiani ikatolewa na nyingine kuwekwa mahali pake bila mtu kurekebisha rekodi, kosa hilo litasafiri likiwa limevaa sura ya data safi hadi mnunuzi wa mwisho. Mfungaji yule, ambaye pengine analipwa kwa idadi ya paleti anazomaliza, ndiye amebeba ukweli wa mnyororo mzima, na sijaona wengi wanaomhesabu kama sehemu ya mfumo wa data.

Msimbo wa QR ulizaliwa mahali ambapo mtu wa namna hiyo alisikilizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye viwanda vya vipuri vya magari nchini Japani, sanduku moja liliweza kuwa na misimbopau mingi kwa sababu mmoja haukutosha kubeba taarifa zote, na mfanyakazi alilazimika kuiskani mmoja mmoja siku nzima. Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave walitoa jibu mwaka 1994. Alama yao hubeba hadi tarakimu 7,089. Zile miraba tatu za pembeni zina uwiano wa nyeusi na nyeupe wa 1:1:3:1:1, uliochaguliwa kwa kuwa ni nadra kukutana nao kwenye maandishi ya kawaida, hivyo kamera huikuta alama hata sanduku likiwa limegeuzwa. Na kwa kuwa kiwandani kuna mafuta na mikwaruzo, waliweka hesabu ya kurekebisha makosa: ikitengenezwa kwa kiwango cha juu kabisa, alama husomeka hata takribani asilimia 30 ya taarifa ikiwa imeharibika. Kampuni ilishika hataza lakini ikaachia dunia itumie alama hiyo bure. Katika mnyororo ule, aliyebandika na aliyesoma walikuwa chini ya paa la kiwanda kimoja au ndugu zake, na kero ya mmoja ilionekana haraka na mwingine. Sioni kama ni bahati kwamba teknolojia iliyoanzia kwenye kero ya mfanyakazi ndiyo leo iko kwenye simu za watu wote.

Linganisha na yaliyotokea upande wa redio. Kitambulishi cha RFID kisicho na betri hupata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya kisomaji chenyewe, kisha huyarudisha yakiwa na namba yake. Hakihitaji kuonekana, kinaweza kuwa ndani ya boksi, na kisomaji kimoja husoma mamia kwa mfululizo. Mwaka 1999 kituo cha Auto-ID kilianzishwa katika chuo cha MIT, na wakati ule ndoto ilikuwa kitambulishi cha senti tano za dola kwenye kila kitu. Mwaka 2003 Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ikatangaza kwamba wasambazaji wake 100 wakubwa waanze kubandika vitambulishi kwenye paleti na katoni kufikia Januari 2005.

Fizikia ililalamika mapema. Mawimbi ya masafa ya juu yanayotumika kwenye maghala, kati ya megahezi 860 na 960, hunyonywa na maji na kurudishwa na chuma, na duka la vyakula limejaa chupa za vinywaji na makopo. Bei ya kitambulishi nayo haikushuka hadi senti tano kwa wakati. Hata hivyo naamini shida kubwa ilikuwa ya kimuundo. Msambazaji ndiye aliyenunua kitambulishi, aliyenunua printa na aliyeajiri wabandikaji. Faida, yaani kujua katoni ipo stoo au imeshapelekwa kwenye rafu, ilikuwa ya muuza duka. Wasambazaji wengi wakafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: walibandika dakika ya mwisho, mlangoni, mzigo unapopakiwa kwenye lori, bila kuutumia mfumo huo popote ndani ya viwanda vyao. Walitimiza agizo wasivune chochote. Baada ya miaka michache shinikizo lilipoa.

RFID haikufa, na mahali ilipopata uhai panathibitisha hoja. Ilistawi kwenye nguo. Nguo haina maji wala chuma cha kutosha kusumbua mawimbi, na tayari hushonewa au kutundikwa lebo kiwandani, kwa hiyo kitambulishi kinaingia kwenye kazi iliyokuwepo. Shati moja lina saizi na rangi nyingi, na duka likikosa saizi moja linapoteza mauzo, hivyo kuhesabu haraka kuna thamani ya wazi. Na zipo kampuni za nguo zinazomiliki chapa, zinazoagiza ushonaji na zinazoendesha maduka zenyewe: gharama na faida zinakutana kwenye daftari moja la hesabu. Reli za Marekani nazo zilirudi kwenye utambuzi wa kiotomatiki miaka ya 1990, safari hii kwa redio. Kitambulishi cha redio hakijali matope, kwa hiyo ile kazi ya kusafisha ambayo hakuna aliyetaka kuilipia ilitoweka.

Kuna njia ya tatu, nayo ni sheria. Tangu tarehe 9 Februari 2019, pakiti za dawa nyingi zinazotolewa kwa cheti cha daktari katika Umoja wa Ulaya hubeba msimbo wa Data Matrix, alama ya mraba inayokaribiana na ya QR, wenye namba ya pekee ya pakiti hiyo, na mfamasia huiskani na kuifuta kwenye kanzidata wakati wa kumpa mgonjwa. Lengo ni kuzuia dawa bandia zisipenye kwenye njia halali, na naliunga mkono bila kusita. Siku za mwanzo zilileta tahadhari nyingi ambazo hazikuhusiana na dawa bandia. Kuna wazalishaji ambao data za pakiti zao hazikuwa zimepakiwa kwenye mfumo. Na kuna skana zilizokosea kwa sababu inayofaa kujulikana na kila fundi: skana nyingi hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Kompyuta ikiwekwa lugha ambayo herufi Y na Z zimebadilishana nafasi, kama Kijerumani, au kitufe cha herufi kubwa kikiwa kimebonyezwa, namba sahihi huingia ikiwa imepotoshwa. Pakiti halali inaonekana ni ya kutiliwa shaka. Sheria iliweza kuwalazimisha wote wabandike, lakini haikuweza kufanya kazi ya fundi anayepanga mipangilio ya kila kaunta.

Hospitali zinafundisha jambo jingine ambalo viwanda vingepaswa kulichukua kwa uzito. Mwaka 2008 mtafiti Ross Koppel na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mifumo ya kuskani dawa na mikanda ya utambulisho iliyo mikononi mwa wagonjwa kabla ya kutoa dozi, katika hospitali za Marekani. Walikuta aina 15 za njia za mkato na aina 31 za sababu zake. Miongoni mwa njia hizo ni nakala za msimbo wa mgonjwa zilizobandikwa mahali pengine, ili muuguzi askani hapo badala ya kuskani mkono wa mgonjwa. Msomaji wa haraka atawalaumu wauguzi. Soma orodha ya sababu: msimbo uliochanika au kufunikwa na lebo nyingine, mkanda usiosomeka, betri inayokata, mtandao usiofika kila wodi, dharura. Muuguzi aliachiwa achague kati ya mfumo na mgonjwa, akamchagua mgonjwa. Kwenye kumbukumbu, kila kitu kilionekana kimefuatwa.

Ghala lina njia zake za mkato za namna hiyo, na hustawi zaidi pale skana inapogeuzwa kuwa msimamizi. Kifaa kinachojua boksi liko wapi kinajua pia nani amelishika, saa ngapi, na zimepita dakika ngapi kabla hajashika jingine. Kishawishi cha kuitumia data hiyo kumhukumu mtu ni kikubwa kwa kuwa ipo tayari na haikugharimu kitu. Mtu anayepimwa kwa idadi ya milio ataleta milio: ataskani boksi moja mara kumi badala ya maboksi kumi mara moja moja, kwa sababu yote ni ya bidhaa ileile na mkono unakwenda haraka zaidi hivyo. Hapo kampuni imejiharibia data ya mizigo ili ipate data ya watu. Kwangu huo ni ukatili na pia ni biashara mbaya. Jimbo la California lilipitisha sheria ya AB 701, iliyoanza kutumika Januari 2022, inayowataka waajiri wa maghala makubwa kuwaeleza wafanyakazi kwa maandishi kiwango cha kazi wanachotakiwa kufikisha, na kukataza viwango vinavyomnyima mtu muda wa kula, kupumzika au kwenda msalani. Kwamba ilibidi kutunga sheria ili mtu aruhusiwe kwenda msalani ni jambo linaloniumiza kila ninapolifikiria.

Kwa hiyo meneja anayejiandaa kununua mfumo wa namna hii ningependa aanze safari yake kule lebo inapokutana na kitu. Aende na kifaa cha kukagua ubora wa chapa, siyo skana ya kawaida. Skana hutengenezwa ili isamehe na isome hata kilicho duni. Kikaguzi hupima utofauti wa weusi na weupe, makali ya mistari na ile nafasi tupu ya pembeni, kisha hutoa daraja kwa viwango vya kimataifa vya ISO. Lebo inayosomeka leo kwa shida haitasomeka baada ya kupita maghala matatu. Aulize karatasi ni ya aina gani, kwa sababu ile inayochapwa kwa joto bila utepe wa wino hugeuka nyeusi ikikaa juani. Halafu amuulize anayebandika, faragha, ni lini hubandika bila kuangalia. Jibu la swali hilo lina thamani kuliko maonyesho yote ya muuza mitambo, na litapatikana tu pale ambapo kulijibu hakumgharimu mtu kibarua.

Jaribio kubwa linalofuata liko karibu. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za magari ya umeme, za vyombo vyepesi vya usafiri, na za viwandani zinazozidi kilowati-saa 2, zikiingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya zitatakiwa kuwa na pasipoti ya kidijitali inayofunguliwa kwa msimbo wa QR. Mtengenezaji atachapa leo, na msomaji muhimu kuliko wote, yaani anayechakata betri chakavu, atasoma baada ya miaka mingi. Pengo la aina hiyo kati ya anayelipa na anayevuna linatisha. Kinachonipa matumaini ni kwamba kanuni hiyohiyo inataka, kufikia Agosti 2031, betri mpya za aina kadhaa ziwe na kiasi cha chini cha madini yaliyorejelezwa, kobalti asilimia 16, lithiamu na nikeli asilimia 6 kila moja. Mtengenezaji atahitaji madini yatokayo kwenye betri chakavu, hivyo atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka zile za zamani zitambulike. Kanuni inasema msimbo uonekane, usomeke na usifutike. Ningetamani wakaguzi waupime kwenye mlango wa mchakataji, kwenye betri zilizopigwa na joto, chumvi na mitikisiko ya barabara, kwa kuwa ile mpya inayotoka kiwandani lazima itasomeka.